Neno Lililochinja Mbuzi

Evaristo Mtui alikuwa mtu wa maana, na hapa hasifiwi. Alikuwa mtu wa maana kwa sababu haikupita siku bila yeye kumweleza mtu maana ya kitu. Watu wa upande ule wa Marangu walimwita Bwana Maana-Yake. Ukimpelekea chupa ya dawa iliyoandikwa Kiingereza, hakukwambia tu unywe vijiko viwili asubuhi na jioni. Alianza na neno lenyewe, lilikozaliwa, lilivyopita Roma, lilivyovuka bahari, na mgonjwa yuko palepale anakohoa.

Kilatini alikipata seminari, alikokaa miaka sita. Angekuwa padri, lakini baba yake alifariki, na kwa kuwa Evaristo ndiye kitinda mimba, kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, kilikuwa chake. Ikabidi arudi kwenye migomba na kahawa, akaoa. Baadaye akapata kazi ya ukarani na ukalimani katika baraza la mangi, mtawala wa jadi, na hapo akaiona dunia tamu: watu wawili wanagombana, hawaelewani, na yeye amekaa katikati anawaelewa wote. Uhuru ulipokuja umangi ukaondolewa, baraza likafungwa, na Evaristo akarudi nyumbani na koti jeusi, kalamu moja ya wino, na kitabu cha Kilatini kisicho na jalada. Migomba haikuhitaji mkalimani. Kwa hiyo kila asubuhi alivaa koti lake, akateremka hadi ghala la kahawa la chama cha ushirika, akakaa kwenye benchi la nje kusubiri mtu mwenye neno.

Mke wake, Mektrida, hakumzuia. Alisema bora amalizie maneno huko kuliko kuja nayo jikoni.

Mwezi wa Februari mwaka 1968, lori geni lilipita barabara ya chini asubuhi, likabandika tangazo kwenye ukuta wa ghala, likaondoka. Mchana ikanyesha mvua ya mlimani, ile isiyouliza msimu. Rangi zikachuruzika, picha za chini zikageuka tope la buluu, na kipande kizima cha upande wa kulia kikabanduka. Evaristo alipofika kesho yake alikuta watu kama kumi wamesimama mbele ya ukuta, na aliyetangulia mbele yao ni Primus, mwenye bucha, akiwa bado na kisu mkononi.

"Karani umefika," Primus alisema. "Tusomee. Huyu anasema ni bei ya kahawa, huyu anasema ni chanjo."

Evaristo akavaa miwani. Yaliyobaki yalikuwa mistari minne. Wa kwanza, kwa herufi kubwa kama milango, ulisema CARNIVAL. Wa pili ulisema Moshi, tarehe 24 Februari. Wa tatu ulisema watu wote wafike. Na wa nne, kwa herufi ndogo, ulisema jambo hilo linafanyika kwa idhini ya serikali.

Mistari mitatu ya chini aliitafsiri haraka, kwa sababu haikuwa na utamu. Kisha akarudi kwenye lile neno la juu, akakohoa kidogo. Ukweli ni kwamba hakuwahi kukutana nalo. Lakini alilitazama vizuri, akaona ndani yake sura mbili anazozijua tangu seminari, na moyo wake ukaruka kama wa mtu aliyekutana na ndugu zake sokoni Moshi.

"Hili si neno la Kiingereza," alisema. "Waingereza wameliazima tu. Hili ni Kilatini. Carne, maana yake nyama. Vale, maana yake kwaheri. Ukiyaunganisha unapata: kwaheri nyama."

"Kwaheri nyama," Primus alirudia polepole.

"Ndiyo asili yake. Kule Ulaya, kabla ya Kwaresima..."

"Subiri, Karani. Kwaresima tunaijua. Huo mstari wa mwisho umesema idhini ya nani?"

"Ya serikali."

"Na wanaotakiwa kufika ni akina nani?"

"Watu wote."

Watu wakatazamana. Haukuwa umepita hata mwaka mmoja na nusu tangu waliposikia redioni kwamba benki zote sasa ni mali ya umma, na hakuna aliyekuwa ameota kwamba benki zinaweza kuchukuliwa. Mzee mmoja nyuma akauliza kwa sauti ndogo: "Mwaka jana benki, mwaka huu nyama?"

Evaristo akainua kidole awaeleze kwamba asili ya neno si lazima iwe ndiyo kazi yake ya sasa. Ni jambo analolijua vizuri, na angelieleza vizuri. Lakini alipogeuka, benchi lilikuwa tupu na ukuta ulikuwa na mtu mmoja tu, naye ni yeye.

Kilichofuata hakikuwahi kuonekana Marangu, si kwa harusi wala kwa Krismasi. Tarehe ishirini na nne ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumanne. Watu walikuwa na siku nne za kuwa na nyama. Kila aliyekuwa na mbuzi zizini alimtazama mbuzi wake kwa jicho jipya. Jumanne jioni wakachinjwa watatu. Jumatano saba. Kufika Ijumaa mchana walikuwa kumi na tisa, pamoja na dume moja la ng'ombe ambalo mwenyewe alilia wakati wa kulifunga kamba, kisha akala kuliko wote. Moshi ulipanda kutoka kila kihamba, na migomba yote ikanuka supu. Machalari ya ndizi, mtori, kisusio cha damu, mbavu za kuchoma. Mbege, pombe ya ndizi, ilipikwa kwa ulezi uliokuwa umewekewa sherehe za mwezi wa nne. Bibi Dafroza, mjane mkali wa miaka sabini, alimchinja mbuzi aliyekuwa amemtenga kwa ubatizo wa mjukuu wake, na kwa kuwa hakuweza kumla peke yake, akamwita shemeji yake wa jirani, ambaye hawakusemeshana naye miaka kumi na mmoja kwa sababu ya mpaka wa mfongo, mfereji wa maji.

Primus ndiye aliyepata shida ya pekee. Siku ya kwanza alifikiri ametajirika; siku ya pili akagundua hakuna anayenunua nyama kwa sababu kila mtu anayo. Siku ya tatu akaanza kuwaza maisha yake yajayo, akakinoa kisu chake kikali kabisa, akawaambia watu kwamba kuanzia Jumapili atakuwa kinyozi. Hakuna aliyejitolea kuwa wa kwanza.

Na Evaristo? Evaristo alialikwa kila mahali. Yeye ndiye aliyeleta habari mapema, watu wakapata kula mali zao, basi alipewa kigoda cha mbele na kipande cha kwanza. Mara ya kwanza alijaribu kueleza. "Jamani, nilisema asili tu," alianza. Lakini mwenye nyumba akamwekea ubavu mkononi, na ubavu ule ulikuwa wa moto na mafuta yake yanateremka hadi kiwiko, na mtu hawezi kueleza asili ya neno huku mdomo umejaa. Mara ya pili alijaribu kidogo. Mara ya tatu hakujaribu. Ndani ya nafsi yake ilianza kuingia fikra ya hatari, kwamba huenda ni kweli. Serikali ina wasomi. Huenda wamesoma Kilatini.

Nyumbani alikuta zizi lake bado lina mbuzi. Mektrida alikuwa anamkatia majani ya mgomba.

"Mama Valeria," Evaristo alisema, maana mtoto wao wa kwanza aliitwa Valeria, "huyu tumfanye nini? Kesho kutwa ndiyo mwisho."

"Ana mimba."

"Lakini neno linasema..."

"Baba Valeria, mbuzi wangu hajui Kilatini. Mwache ale."

Ijumaa alasiri akarudi Eliufoo, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa ukweni Machame kwenye msiba tangu Jumatatu. Alikuwa mtu mrefu, Mlutheri, mwenye kofia ya TANU na tabia ya kuzungumza taratibu akikasirika. Alipanda njia ya kijijini akashangaa kuona watu wamelala kwenye majani mchana kweupe, matumbo juu, wakimsalimu bila kuinuka.

"Kuna ugonjwa gani hapa?" aliuliza.

Wakamwambia. Akawasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, taratibu sana, "Nani kasema serikali imekataza nyama?"

Vidole vyote vikanyooshwa upande mmoja, na vyote viling'aa mafuta.

"Sikusema imekataza," Evaristo alijitetea, amesimama mbele ya nyumba yake na koti lake jeusi ambalo kifungo cha katikati hakikufunga tena. "Nilisema kwamba neno, kwa asili yake..."

"Ndugu Evaristo. Kesho ndiyo tarehe yenyewe?"

"Ndiyo, Balozi."

"Basi kesho asubuhi tunapanda lori la kahawa, mimi na wewe, tunakwenda Moshi kuiona hiyo serikali inayoaga nyama. Kama ipo, nitakuomba radhi. Kama haipo, utawaeleza watu hawa mbuzi wao wamekufa kwa ajili gani."

Primus alisema naye anakwenda, kwa kuwa jambo lenyewe linahusu kazi yake. Na Mektrida, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, akasema hajawahi kuona nyama inavyoagwa, kwa hiyo wamwekee nafasi.

Njia nzima Evaristo aliomba kimyakimya wakute wameweka walau mabango mawili ya kukataza nyama. Walishuka Moshi mjini saa nne, wakaulizia, wakaelekezwa kiwanja kilicho wazi upande wa pili wa reli. Kabla hawajafika walisikia muziki kwenye kipaza sauti. Wakapinda kona, na hapo Evaristo akakiona kile ambacho mvua ilikuwa imekifuta ukutani: farasi wa mbao waliopakwa rangi nyekundu wakizunguka nguzo, gurudumu kubwa la viti likipandisha watu hewani na kuwashusha, mwanamume aliyevaa kaptula ya kung'aa akimeza moto na kuutema, vibanda vya kurusha pete, na watoto wa mji mzima wakipiga kelele. Juu ya lango paliandikwa neno lilelile, kwa herufi zilezile kama milango.

Na kando ya lango, juu ya jiko refu la mkaa, mtu alikuwa akichoma mishikaki.

Primus alisimama mbele ya jiko lile kama mtu aliyemkuta marehemu anakunywa chai. Akaitazama mishikaki, akamtazama Evaristo.

"Karani," alisema, "hii nyama inaagwa au inakaribishwa?"

Eliufoo alimshika Evaristo mkono, akamwongoza hadi kwenye hema la mwenye shughuli, Mhindi mnene mwenye jasho, aitwaye Kassamali, ambaye huzungusha malori yake kutoka Nairobi hadi Arusha, Moshi na Tanga. Kassamali alipoona kofia ya TANU akadhani wamekuja kukagua kibali, akakitoa upesi mfukoni.

"Kibali kipo, kibali kipo! Serikali imeidhinisha!"

"Hatutaki kibali," Eliufoo alisema. "Huyu bwana ana swali."

Evaristo akavua kofia yake. "Samahani, mheshimiwa. Hili neno lililo juu ya lango. Ningependa kujua asili yake."

"Asili?" Kassamali akawaza. "Asili ya mashine ni Uingereza. Asili yangu mimi Kisumu."

"Asili ya neno."

"Ah, neno. Neno nililikuta kwenye lori. Nililinunua pamoja na rangi."

"Lakini maana yake nini?"

"Maana yake michezo ya kutembea, mzee. Leo hapa, kesho pengine. Watu wanacheka, wanazunguka, wanakwenda nyumbani. Nyinyi mmefikiri nini?"

Mektrida alikuwa ameugeukia ukuta wa hema na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Primus alikuwa ameketi juu ya sanduku. Ila Eliufoo, ambaye wote walitegemea atalipuka, alianza kutoa sauti ndogo puani, kama birika linalokaribia kuchemka, na ghafla akacheka. Alicheka hadi kofia ikaanguka. "Mbuzi kumi na tisa!" alisema. "Na dume!" Akacheka tena. Kassamali naye, bila kujua kitu, akacheka kwa adabu.

Eliufoo alipomaliza kujifuta macho alitoa hukumu. "Ndugu Evaristo, umewasomea watu tangazo la mchezo. Sasa utaucheza." Akamwonyesha lile gurudumu kubwa.

Evaristo alikataa. Alisema ana umri wa miaka hamsini, alisema koti litachafuka, alisema mambo mengi na mengine kwa Kilatini. Lakini Mektrida alikuwa tayari amepanda, amekaa kwenye kiti, ameshika chuma kwa mikono miwili na uso wa mtu anayejiandaa kuona ajabu, na nafasi kando yake ilikuwa wazi. "Njoo, Baba Valeria," alimwita. "Njoo unieleze maana yake tukiwa juu."

Akapanda. Gurudumu likaanza polepole, na kwa mzunguko wa kwanza haikuwa mbaya. Aliona kilele cha Kibo, cheupe na kikubwa, juu ya mabati ya mji. Akaona reli, akaona migomba ya huko walikotoka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne moyo wake ukatulia, akafungua mdomo aseme jambo la busara. Hapo ndipo Kassamali, kwa heshima ya wageni wa serikali, aliongeza mwendo.

Tumbo la Evaristo lilikuwa limebeba machalari ya nyumba saba, mbavu, kisusio, na mbege ya mwezi wa nne. Likapanda juu pamoja naye, lakini yeye alipoanza kushuka, lenyewe halikushuka. Akaziba mdomo, akamtazama mke wake kwa macho ya kuomba msamaha, akageukia upande wa pili wa kiti. Na pale juu ya kiwanja cha Moshi, siku nne kabla ya Jumatano ya Majivu, Evaristo Mtui akaiaga nyama yote.

Chini watu walikimbia. Yule mmeza moto alinusurika kwa hatua mbili.

"Sasa nimeelewa," Mektrida alisema walipofika ardhini, akimfuta koti kwa kanga yake. "Kwaheri nyama. Ulikuwa sahihi kabisa, mume wangu."

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Evaristo alimfuata Padri Damian sakristia. Alihitaji walau Kilatini chake kibaki salama. Padri akatoa kamusi nene, akapekua, akasoma, akakuna kidevu.

"Bwana Evaristo, hiyo kwaheri nyama ni tafsiri inayopendwa sana na watu," alisema kwa upole. "Lakini wataalamu wengi hawaikubali. Wanasema neno limetoka kwenye kuondoa nyama. Wengine wanasema ni gari lenye umbo la meli, ambalo Warumi walilipitisha mitaani siku za sikukuu."

"Gari lenye umbo la meli?"

"Ndivyo wanavyosema. Hawana hakika."

Evaristo akakaa kwenye kiti cha wahudumu wa altare. "Kwa hiyo, Padri, hata kosa langu lilikuwa na kosa ndani yake."

Padri Damian alifunga kamusi, akaangalia dirishani ili asionekane anacheka.

Mchana ule Evaristo alikata majani ya isale kwenye mpaka wa kihamba chake. Kwa Wachagga, anayekujia na jani la isale ameomba msamaha, na kumkatalia ni aibu kubwa kuliko kosa lenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba, jani mkononi, na kila mlangoni alisema sentensi moja tu: "Nilikosea, naomba mnisamehe." Watu walishangaa sentensi ilivyokuwa fupi kuliko walivyoshangaa habari zenyewe. Mwenye dume alilia kidogo, akasamehe. Primus alisamehe upesi, maana sasa hapakuwa na mnyama wa kuchinja kijijini isipokuwa wale atakaowatafuta yeye tambarare, na bucha lake lilitarajiwa kunawiri baada ya Pasaka.

Kwa Bibi Dafroza aliogopa. Alimwamkia shikamoo tangu getini. Bibi alipokea jani, akalizungusha vidoleni.

"Ubatizo wa mjukuu wangu ni wiki baada ya Pasaka," alisema. "Mbuzi wake yuko tumboni mwangu na mwa shemeji yangu."

"Najua, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Yule shemeji bila neno lako ningemzika kwanza ndipo nimsemeshe. Jana amekuja mwenyewe kuuzibua mfongo. Lakini mtoto habatizwi kwa mfongo."

Suala hilo lilimalizwa na Mektrida. Mbuzi wake alizaa mapacha wiki ya tatu ya Kwaresima, na mmoja akampeleka mwenyewe kwa Dafroza, bila kueleza chochote. Kwaresima ile watu wote wa pale walifunga nyama siku zote arobaini, watoto kwa wazee, Walutheri kwa Wakatoliki, maana hapakuwa na kitu cha kuvunjia mfungo. Siku ya Pasaka Padri aliwasifu mbele ya parokia nzima. Walipokea sifa hizo wakiangalia viatu vyao.

Kassamali hakumsahau mkalimani aliyetapika. Mwaka uliofuata alimtumia salamu kwamba wazee wengi wanaotoka mlimani hawaelewi michezo, anahitaji mtu wa kuwaeleza kwa Kichagga kwenye kipaza sauti. Evaristo akaenda na koti lake. Alisimama langoni siku tatu, akaeleza farasi, akaeleza gurudumu, na lile neno akalieleza kwa asili zote tatu bila kuchagua hata moja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ya barazani, kwa sababu hapa hakuna aliyekuwa anagombana. Akaendelea hivyo kila Februari, mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa. Evaristo aliisikia habari hiyo redioni, lakini habari ni habari na Februari ni Februari. Akavaa koti, akashuka Moshi, akavuka reli. Hapakuwa na lori hata moja la kutoka Nairobi; kiwanja kilikuwa kimepimwa vipande vya mashamba. Mwanamke mmoja, Yuditha, alikuwa analima akisubiri mvua za masika.

"Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Hapa huwa kuna kanivali."

"Kuna nini?"

Evaristo akavua kofia, akasafisha koo. Alianza na Warumi, akapita na lile gari lenye umbo la meli, akaingia kwenye nyama. Yuditha aliendelea kulima. Jua likapanda. Alipofika mwisho wa tuta, maelezo yalikuwa bado hayajatoka Roma. Akainuka, akanyoosha mgongo, akaenda kwenye kivuli cha ukuta na kurudi na jembe la pili.

"Ni nzuri sana, mzee," alisema, akimkabidhi mpini. "Nieleze huku unalima."

Evaristo akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. Akaeleza hadi tuta la tatu.